Sauti ya Mama Agata Haistaafu

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Agata Dusabe anavua koti lake jeupe katika servisi yetu ya vijana wenye maradhi ya akili, hapa hospitali ya Rumonge. Koti atalirudisha. Sauti hairudishwi, maana imo ndani ya mashini.

Tulipoletewa mashini ya kuwapigia simu vijana waliotoka hospitali, ilikuwa na sauti ya redio inayosoma matangazo ya vifo. Watoto walikata simu kabla haijamaliza kuwasalimu amahoro. Mama Agata akairekodi upya, kwa Kirundi na kwa Kiswahili alichorudi nacho kutoka ukimbizini Kigoma: umelala? Umekula? Dawa umemeza, au umeificha chini ya mto? Kama uko salama bonyeza moja, kama hali ni mbaya bonyeza mbili. Eh, vijana wakaanza kujibu! Wengine hata waligombana na mashini.

Kisha akaja Chanceline wa Magara. Kila simu, inabonyezwa moja: yuko salama. Wakubwa wetu wakafurahi. Mama Agata akanuna: mtoto wa miaka kumi na tano hawezi kuwa mzima kila siku, hata wa kwake hawakuwa hivyo. Akapanda gari hadi Magara. Kumbe simu ni ya babu, muzehe Lameki, na anayebonyeza ni yeye! Aliogopa kwamba mbili italeta gari la hospitali limchukue tena mjukuu wake. Chanceline mwenyewe alikuwa ndani, dawa zimekwisha, usingizi hana, na kuishi hataki tena. Tungechelewa kidogo, tungemzika.

Alipomtuliza Chanceline na kurudi kazini, Mama Agata akaongeza maneno kwenye mashini: ukibonyeza mbili, hakuna atakayekuja kukukamata, mimi mwenyewe nitakupigia. Na alipiga, hata mkono mmoja ukisonga ugali. Leo Chanceline amerudi shule, na muzehe Lameki hutuletea ndagala, dagaa wa ziwani. Hatujawahi kukataa.

Jana, kwa utani, tuliingiza namba ya Mama Agata kwenye mashini. Ikampigia. Sauti yake mwenyewe ikamwuliza kama yuko salama.

Akabonyeza mbili.

Basi sheria ni sheria, Mama. Tulikupigia sote, tukinyang'anyana simu, na wengine tulilia. Murakoze cane, asante sana. Tunakutakia usingizi mnono na sahani iliyojaa. Dawa ya presha usiifiche chini ya mto. Na siku ukibonyeza mbili, tutapiga.