Lebo Isiyowasha: Maisha ya Dada Yetu, Mama Shingo

Ndugu waombolezaji, wenzetu wa kazini, majirani, na nyote mliokuja kutufuta machozi, kikao cha familia kimenikabidhi karatasi hii niisome, na shemeji yangu amenionya nisome kilichoandikwa tu, nisiongeze chumvi, nami nilimkubalia, lakini kuna mahali nitaongeza, anisamehe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kifungua mimba wa mama yetu, mshona nguo, nami nikamfuata miaka miwili baadaye, na baada yangu mama hakupata mwingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1971 hadi 1977, na hapo ndipo kazi yake yote ilipoanzia, kwa sababu sweta lake lilipombana nilirithishwa mimi, na mama alikuwa amelidarizi jina lake nyuma ya shingo kwa uzi mwekundu, akalifumua, lakini matundu ya sindano yakabaki, jina likasomeka vilevile, nami nikaitwa kwa jina la msichana na darasa zima kwa muda wa mihula miwili. Siku niliyorudi nyumbani nalia, dada, akiwa na umri wa miaka tisa, aliniahidi kwamba akikua atanitengenezea jina langu mwenyewe, zuri, lisilotoboa nguo.

Alimaliza sekondari mwaka 1981, akapata cheti cha uchapaji mwaka 1984, na tarehe 4 Februari 1985 akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akichora lebo za chupa za dawa ya kikohozi. Alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa majokofu, tarehe 12 Desemba 1987, nao wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1989, ambaye sasa ni mwalimu, na kijana aliyezaliwa 1992, ambaye ni muuguzi, na siku zote niliona fahari waliponiita mjomba.

Tarehe 2 Novemba 1998 mimi na yeye tulifungua karakana yetu, chumba kimoja mkabala na kinyozi, yeye akibuni na mimi nikitafuta wateja, tukitengeneza lebo za majina ya watoto, zinazobandikwa kwenye sare kwa joto la pasi. Kila gundi mpya aliibandika kwanza kwenye kola ya gauni lake, akalivaa wiki tatu, akalifua mara ishirini, na ikimwasha hata kidogo aliitupa. Kona za lebo alizikata mviringo, kwa kuwa alisema kona ndiyo inayoanza kubanduka na ndiyo inayokwaruza, na herufi alizichora nene na za kupendeza, ili hata mtoto asiyejua kusoma alipende jina lake. Juu ya yote, lebo yake ilikubali kutoka, ukiipasha joto taratibu inaachia nguo bila kovu, ili mdogo mtu arithi sweta bila kurithi jina. Huyu ndiye mliyemwita Mama Shingo, kwa sababu hakuwa na simile, alipindua kola ya mtu yeyote aangalie lebo, hata ya bwana harusi mbele ya wageni wake.

Hapa ndipo ninapoongeza. Januari 2016, shule zikikaribia kufunguliwa, muuza sare mmoja alilalamika kwamba lebo zetu zinabanduka zikifuliwa kwa maji ya moto, nami, bila kumwambia dada, nikabadilisha gundi, nikaweka kali, nikapandisha moto wa mashine ya kubandikia ili kazi iende mbio. Tarehe 15 Machi mama mmoja alimleta mwanawe, shingo imejaa vipele, na lebo ilipobanduliwa ikaondoka na sufu ya sweta, ikaacha tundu. Dada hakunigombeza, angenigombeza ningepona. Alilitazama lile tundu, akanitazama mimi, akavua aproni yake, akaitundika msumarini, akaondoka, na kwa wiki tatu alizunguka shule moja baada ya nyingine akizitoa lebo zile kwa mkono wake, peke yake, kwa sababu mimi nilijifungia karakanani nikisema kwamba anakuza mambo. Toka hapo tulipeana visogo miaka saba, tukionana kwenye shughuli za familia ni habari na salama basi, na kosa lilikuwa langu, nalijua, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na moyo, na tarehe 4 Septemba 2023 akalazwa. Nilikwenda kumwona Ijumaa, tarehe 15, akainua mkono kwa shida, akapindua kola yangu, akasema bado unavaa vitu vya kukukwaruza, akasinzia. Nilitoka nikijiambia nitamwomba radhi Jumatatu, akishapata nguvu. Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 17 Septemba 2023.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kufagia nyumba yetu tukiwa hatujiwezi, mafundi wenzake, na kinyozi wetu aliyefunga kazi yake siku tatu.

Juzi binti yake alinipa bahasha aliyoikuta kwenye droo ya marehemu. Ndani mlikuwa na lebo moja yenye jina langu, kona zake za mviringo, rangi nyekundu ya ule uzi wa mama, na nyuma ameandika kwa mkono wake: moto mdogo, weka kitambaa juu, hesabu kumi na mbili, usiwe na haraka. Tarehe yake ni 30 Machi 2016, wiki mbili baada ya kuvua aproni. Ilinisubiri miaka yote hiyo, nami sikwenda kuichukua.

Jana niliibandika kwenye shati hili nililovaa, nikahesabu kumi na mbili, polepole, kama alivyoagiza.

Pumzika kwa amani, dada. Haiwashi.