Mama Mbula na Somo Moja Lililobaki

Jana, Ijumaa tarehe 14 Desemba 2018, Bi. Stephania Mbula alifunga dirisha namba mbili la Ofisi ya Masomo ya Chuo cha Karrabee, hapa Sydney, baada ya miaka ishirini na minne na miezi kumi ya utumishi. Alikuwa na ruhusa ya kufunga mapema akaagwe kwa chai. Lakini kulikuwa na mwanafunzi mmoja kwenye foleni, na huyo hakuwa na fomu sahihi. Chai ikapoa, mwanafunzi akarudishwa, ndipo dirisha likafungwa.

Kwa ndugu wa kanisani na majirani wa Minto ambao hawajui kazi yake hasa ilikuwa nini, maelezo ni haya. Chuo chetu humtaka kila anayesomea shahada ya kwanza ya sanaa apitie masomo manane ya lazima, hata kama roho yake imo kwenye historia peke yake. Kuna hisabati, sayansi ya maabara, lugha ya kigeni, sanaa za jukwaani na mengine manne. Wanafunzi huyaita mboga, maana wao wanataka nyama. Mama Mbula ndiye aliyekuwa akikagua sahani kabla mtu hajaruhusiwa kuinuka mezani.

Walijaribu kila mbinu. Kiprono, ambaye leo ndiye anayetuchomea mbuzi, alidai asamehewe lugha ya kigeni kwa hoja kwamba Kiingereza chenyewe kwake ni kigeni. Alimwambia, “Mathe, hiki Kizungu tulikipata shuleni, kwetu hakikuwepo.” Mama Mbula alimsikiliza mpaka mwisho, akakubaliana naye kabisa, akampongeza kwa hoja nzuri, kisha akamwandikisha Kiindonesia.

Ndugu yetu Salvator wa Penrith naye alileta binti yake apimwe Kiswahili, ili asamehewe somo hilo hilo. Mama Mbula alizungumza na mtoto nusu saa nzima, habari za soko, misiba na namna ya kupika maharage. Binti alielewa kila neno, hata vichekesho alivicheka mahali pake. Shida ni kwamba alijibu yote kwa Kiingereza. Mama akaandika kwenye fomu kwamba masikio yamefaulu na mdomo urudi muhula ujao. Kesho yake Salvator alikuja na sufuria ya samaki wa mawese kubembeleza. Mama Mbula alikula, akashukuru, akasifu pilipili, na fomu ikabaki vile vile.

Sasa tuseme ukweli, maana tuko wenyewe kwa wenyewe. Sisi Waafrika wa Sydney tuna tabia moja. Tunakodi ukumbi wa mahafali kwanza, halafu ndipo tunauliza kama mtoto amemaliza. Shangazi amekwishapata viza, vitenge vya sare vimeshonwa, mbuzi ameagizwa, na ndipo Mama Mbula anafungua faili na kukuta kijana hajawahi kuingia maabara. Mwaka 2011 familia moja ilisherehekea kila kitu isipokuwa mhitimu. Siku hiyo mwenyewe alikuwa darasani anachungulia ganda la kitunguu kwenye hadubini. Tangu hapo mchungaji wetu huko Toongabbie hutangaza kila Jumapili baada ya sadaka kwamba mtu asilipie ukumbi kabla hajaonana na Mama Mbula.

Wengi hawakujua kwamba mama huyu mwenyewe hakuwa na shahada. Aliingia chuoni mwaka 1994 na cheti cha uhazili. Mwaka 2012 alianza kusoma kimyakimya, somo moja kila muhula, kwa kuwa mfanyakazi wa chuo husoma bila ada muda wote awapo kazini. Mimi Sunday, niliyekaa naye dirisha moja miaka kumi na mmoja, nilijua kwa sababu alinikopa kikokotoo na hajanirudishia mpaka leo. Alipita hisabati. Alipita maabara, ingawa sweta moja lilishika moto. Mwaka huu likabaki somo moja tu, sanaa za jukwaani, alilolikwepa kwa miaka yote hiyo kwa sababu ya goti na aibu. Na huu ndio ulikuwa muhula wake wa mwisho, kwani ukistaafu, na ada ya bure inastaafu nawe.

Mkuu wa kitengo alitaka kumsaidia. Kanuni inaruhusu mtu asamehewe somo kwa uzoefu wa kazi, na mkuu aliona miaka ishirini na minne ya lile dirisha ni jukwaa la kutosha. Mama Mbula alikataa. Alisema itabidi awaandikie barua ya kuwaomba radhi wote aliowahi kuwarudisha, na akauliza stempu nani atanunua.

Basi mwezi Agosti akaingia darasa la Mwalimu Cécile, Mkongomani mpole sana, pamoja na vijana kumi na saba, wanne kati yao akiwa amewakatalia fomu wiki hiyo hiyo. Somo la kwanza lilikuwa kulala sakafuni na kupumua. Kulala hakukuwa na shida. Kuamka ndiko kulikohitaji watu wawili. Wiki ya tatu waliambiwa kila mmoja awe kifaa cha jikoni. Mama Mbula akawa friji, akasimama wima amefumba macho dakika kumi. Alipoombwa aigize kidogo, alieleza kwamba friji nzuri ndivyo inavyofanya kazi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mchezo wa dakika tano, peke yako, bila maneno. Mama alifanya mazoezi katika chumba cha mafaili, watazamaji tukiwa mimi na kabati. Huku nyuma mumewe, Mzee Mugambi, ambaye amelisikia lile tangazo la kanisani kila Jumapili kwa miaka saba, alikwenda akakodi ukumbi. Ndio huu tuliomo leo. Akaagiza na keki yenye kofia ya mahafali. Mapenzi hayana sikio.

Siku ya mtihani, tarehe 9 Novemba, Mama Mbula aliigiza mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Nilikuwepo. Alitafuta kwenye viatu, kwenye nywele za mwalimu, chini ya zulia, na ukumbi mzima ulikuwa hoi kwa kicheko. Dakika ya nne akageuka, akamwona Kiprono mstari wa mbele ameweka miguu juu ya kiti. Mazoea ya miaka ishirini na minne yalimshinda. Alimwambia ashushe miguu, kwa sauti kamili, na akaongeza kwamba viti hivyo vina wenyewe.

Alipata arobaini na nane. Kufaulu ni hamsini. Mwalimu Cécile alikuja ofisini macho mekundu, akasema yuko tayari kuyahesabu yale maneno kuwa sehemu ya mchezo. Mama Mbula alichukua karatasi ya masharti, akamwonyesha kwa kidole palipoandikwa “bila maneno”, akamshukuru, akamwita mwanafunzi aliyefuata. Mimi nilikwenda chumba cha mafaili nikalia. Sioni haya kuliandika.

Kwa hiyo, wageni wetu, ukumbi wa mahafali umegeuka ukumbi wa kuagana, na kwenye keki mtaona kovu mahali palipokuwa na kofia. Msimuulize Mzee Mugambi.

Mama mwenyewe alituambia inatosha. Alisema ada ya mtu wa nje si ya umri wake, na kwamba sukuma wiki zake za Minto zinamwita. Aliyasema hayo huku akipanga upya mafaili ambayo tayari yalikuwa yamepangwa, na sisi wenzake hatukumwamini.

Desturi yetu ni kumpa mstaafu saa ya ukutani. Safari hii tumekiuka. Tulichanga wafanyakazi, wakachanga wanafunzi, wakachanga na watu aliowarudisha dirishani tangu mwaka 1995, na hao ndio walioharakisha kuliko wote. Mama Mbula, ukifungua bahasha uliyopewa mlangoni, utakuta risiti yenye jina lako. Ni ya somo moja, sanaa za jukwaani, kwa Mwalimu Cécile. Hakuna alama iliyoguswa wala aliyekusamehe kitu.

Asante kwa kila fomu uliyoikataa, Mama, maana waliomaliza walimaliza kweli. Tunakutakia mapumziko mema, yenye afya na furaha, mpaka Jumapili tarehe 24 Februari. Jumatatu darasa linaanza saa tatu.