Osea Silwimba, Mlinzi wa Uwanja wa Helikopta (1956–2024)

Marehemu Osea Silwimba alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 kwenye shamba la ukoo wake, nje kidogo ya mji wa Tunduma, akiwa mtoto pekee wa Bi. Anna. Baba alifariki mapema. Mama akamlea kwa jembe. Alisoma hadi darasa la saba Hasamba, kwa mjomba wake, kisha akarudi kulima.

Mwaka 1980 alifunga ndoa na Ketrina, binti wa Ileje, wakajaliwa watoto watatu. Bi. Anna alipofariki mwaka 1998, Osea alimzika pembeni mwa shamba, akaacha nafasi ya kaburi lake mwenyewe ubavuni.

Mwaka 2011 kampuni moja ya kusafirisha shaba ilitaka mahali pa kutua helikopta kwenye shamba hilo, ili wakubwa wake wasisote kwenye foleni ya malori ya mpakani. Ukoo ulikataa. Osea ndiye aliyesimama: "Wazee wangu, helikopta haili ardhi. Siku wakiondoka, tunarudi kulima." Meneja, aliyekuwa ametoka kula ugali wa Ketrina, akaitikia kwamba shamba litarudi. Karani aliyeandika mkataba akauliza, "Na hilo nalo tuliandike?" Osea akakasirika. "Mgeni amekula kwangu, halafu nimwandikishe? Si kumtukana huko!" Basi likaandikwa la kutoa, la kurudisha likabaki mdomoni. Yeye ndiye aliyetia sahihi wa kwanza.

Kampuni ikamwajiri awe mlinzi. Kwa miaka kumi alifukuza mbuzi uwanjani, akachoma nyasi mbichi ili rubani aone upepo unakoelekea, na kila mwezi akaipaka chokaa ile H kubwa ya katikati. Chokaa iliyobaki aliupaka msalaba wa mama yake. Rubani mmoja alimtania, "Babu, msalaba wako nauona kabla ya uwanja." Hilo alilisimulia kila harusi, na aliyekwisha kulisikia hakusalimika.

Mwaka 2021 kampuni ilifunga uwanja, ikauuza. Yakajengwa maduka, nyumba ya wageni na maegesho ya malori. Tangazo la kuhamisha kaburi lilibandikwa mjini wakati Osea yuko Galula, akimuuguza binti yake Agnes. Aliporudi alikuta zege. Mifupa ya mama yake ilikuwa imepelekwa makaburi ya mji, na hakuna aliyeweza kumwonyesha ni wapi. Simu ya meneja haikupatikana tena. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hakupona. Wazee wa ukoo hawakumlaumu, walimnyamazia tu, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Daktari aliandika kiharusi. Nyumbani wanajua kilichomuua.

Alifariki Vwawa tarehe 2 Juni 2024, baada ya kumwambia mwanawe Loisi, "Nizikeni kwa mama." Loisi alikwenda kwenye yale maegesho kuomba japo udongo wa kujaza kiganja. Mlinzi wa pale akamtazama kwa huruma. "Pole sana, dada. Hapa pote ni zege. Udongo nitautoa wapi?"

Kwa hiyo leo Osea anazikwa Hasamba, kwenye shamba la mjomba, mgeni hata kaburini. Watoto wake wameupaka msalaba kwa brashi yake ya uwanjani, wakaandika majina mawili: Osea na Anna.

Ameacha mjane, Ketrina. Watoto Loisi, Dennis na Agnes. Na wajukuu saba. Bwana amlaze pema, mahali pasipouzwa.