Bi Nani-na-Lini Anafunga Kikao

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya kufulia ya hospitali yetu, msimamizi wetu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye cheti chake cha kustaafu. Sisi tunamwita Bi Nani-na-Lini, na yeyote aliyewahi kuahidi jambo mbele yake anajua kwa nini.

Alianzia kwenye pasi. Siku hizo vikao vya Jumatatu vilikuwa burudani: chai inamiminwa kwanza, mkuu wa idara, yaani mimi, anahutubia, fundi wa boila anasinzia, na kila tatizo linamalizwa kwa neno tamu, "tutaangalia." Boila la kuchemshia maji ya kufulia likavuja wiki baada ya wiki. Mashuka yakachelewa wodini, hadi uongozi ukatangaza kwamba kazi yetu itapewa watu wa nje na sisi twende nyumbani.

Jumatatu iliyofuata, nikihutubia, nilimwona Mama anapiga miayo. Nikamchokoza: "Mama, kama nakuchosha, njoo uendeshe wewe." Nilidhani atacheka. Akaja! Akaichukua chupa ya chai, akaificha chini ya kiti.

"Leo chai mwishoni. Jambo ni moja tu, boila."

"Tutaangalia," fundi akasema.

"Huyo Tutaangalia ndiye nani hapa? Mimi simjui. Nipe mtu, nipe na siku."

Fundi akaitazama chupa, akasema atalifungua boila mchana ule ule. Nami nikajikuta naahidi kukifuata kipuri mwenyewe.

"Lini, bosi?"

"Leo, Mama."

Tukanywa chai ingali moto. Kufikia Ijumaa mashuka yalikuwa wodini, na habari ya watu wa nje ikafa kimyakimya.

Tangu hapo kiti hakikurudi kwangu. Asiyehusika haitwi. Aliyechelewa harudiwi hadithi. Msemaji mrefu hukabidhiwa chupa aishike hadi amalize, huku wenzake wote wakimkodolea macho. Kasoro anayo moja: akishafunga kikao cha dakika ishirini, hukushika mlangoni akakupa habari za wajukuu saa nzima, bila ajenda.

Mimi nilimtangulia kustaafu, na sasa daktari ananishauri nisipange mambo ya mbali. Basi nikiri mapema: miaka yote ile nilimwogopa, na woga ule umenifaa hadi leo. Juzi wanangu walizunguka kitanda changu wakibishana juu ya kuniuguza, kila mmoja akisema "tutapanga." Nikawauliza nani, na lini. Tangu siku hiyo silali peke yangu.

Kwa hiyo nina ombi, na nyote ni mashahidi. Siku yangu ikifika, kikao cha mazishi aendeshe yeye. Wanangu nawajua; nitasubiri sana.

Mama, idara nzima inakushukuru. Sasa ni zamu yako kupumzika, kucheka na wajukuu na kuamka jua likiwa juu. Nani? Wewe. Lini? Kuanzia tarehe mosi Julai, na hatutaki kusikia "nitaangalia."