Mtungi wa Kulsumbai

Wasikilizaji wapendwa, leo chai yangu ni chungu. Kulsumbai ametutoka. Kulsumbai wa duka la vitambaa hapa Nyeri mjini. Yule wa mtungi.

Mwaka ulikuwa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowasaka Wakikuyu waliopigania uhuru. Watu walikamatwa kule vijijini Tetu, wakakalishwa juani mbele ya duka lake, wakingoja kuhojiwa. Tena ilikuwa Muharram. Washia, watu wa dini yake, humwomboleza Imamu Husein, aliyenyimwa maji kule Karbala, akauawa na kiu kooni. Kwa kumkumbuka huweka mtungi mlangoni, na kila apitaye hunywa. Kila apitaye. Kulsumbai akaubeba wake mpaka kwa wafungwa. Wa kwanza kunywa alikuwa Wangechi, ana mtoto mgongoni.

Sasa hapa ndipo kinyaa kinanishika. Mulla wa msikiti wao, akitoka kunywa chai na mabwana wa serikali, alipanda mimbari. Akamlilia Husein. Akapangusa machozi kwa leso iliyopigwa pasi. Kisha ati: "Atakayempa Mkikuyu maji, jamati itamtenga. Hatutamzika."

Nyuma ya pazia la wanawake, Kulsumbai akapaza sauti: "Mulla, waliomnyima Husein maji nao walikuwa serikali!"

"Nyamaza, mama! Siasa si yako."

"Basi nawe iache."

Nyumbani mumewe akamsihi: "Mama Shirin, funika mtungi. Tutazikwa na nani?"

"Kwanza wanywe."

Wakatengwa na waumini wenzao wote. Harusi hawakualikwa, salamu hawakujibiwa. Na mulla? Kwenye gwaride la serikali, uwanjani Ruring'u, alipewa kiti cha mbele, chenye mto mwekundu. Kiti cha mbele, wasikilizaji! Siisemi vibaya dini yao. Hata wachungaji wetu wengine walikalia mito hiyo. Natema mate tu.

Bintiye, Shirin, ameniambia hivi: "Siku ya msiba mabomba yalikauka. Sina maji ya kumwosha mama. Wa jamati hawajafika. Nikasikia, 'Hodi, Shirin! Fungua upesi, mgongo unavunjika!' Ni Wangechi. Nyuma yake binti yake, yule wa mgongoni, naye amebeba mtungi mgongoni."

Kulsumbai alioshwa kwa maji ya Tetu.

Pole sana, Shirin. Poleni wote mliomjua. Nanyi mnaopanda mimbari, popote mlipo, kabla ya kufungua kinywa tazameni nje: ni nani ameketi juani? Kisha jiulizeni chai mliyokunywa asubuhi imetoka kwa nani.