Mkamua Sumu Hakuwa Peke Yake

Marehemu Mkono-Taratibu, kitinda mimba wa mfua majembe, mjukuu wa mkunga aliyezalisha mtaa mzima, mkamua sumu ya nyoka kwa miaka thelathini na sita, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957. Mgongo huu wangu, mimi dada yake, ndio uliombeba.

Alianza shule mwaka 1965, akafika darasa la saba. Siku moja nyoka aliingia darasani, mwalimu akapanda juu ya meza. Marehemu alimtoa kwa fimbo ya mwalimu huyohuyo, kisha akamwambia kwa adabu kwamba sasa anaweza kushuka.

Mwaka 1979 aliajiriwa kufagia katika maabara ya dawa ya kuumwa na nyoka. Mwaka uliofuata akapewa ndoano ya kunasia nyoka, akaanza kukamua sumu. Kazi ile ni ya watu wawili: mmoja hubana kichwa kwenye kikombe, mwenzake hushika mkia. Marehemu alikuwa wa kichwa. Alitufundisha kwamba kuna sumu inayozima pumzi, na kuna ya kifutu, inayosaga nyama ya mtu kama tumbo linavyosaga chakula.

Tarehe 12 Juni 1984 alimwoa mpishi wa kantini. Mkwewe aliuliza kama nyoka nao wanahamia. Akajibu, "Hapana mama, wao wana nyumba ya serikali." Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Kaka mdogo wa mkewe hakuwa na kazi. Marehemu alimwombea nafasi, akamfundisha, akamkabidhi mkia. Miaka kumi na tisa walikula sahani moja.

Tarehe 3 Oktoba 2016, saa nne asubuhi, shemeji huyo aliachia mkia apokee simu. Kifutu akajipinda, akamuuma marehemu kidole gumba. Mkono ulivimba hadi begani, malengelenge yakajaa maji ya damu, ngozi ikawa nyeusi kama tako la sufuria. Alipewa dawa ileile aliyoikamulia maisha yake yote, lakini nyama iliyokwisha kufa hairudi. Akakatwa vidole vitatu, wala hakulalamika.

Siku ya tano mkuu wa maabara alimletea daftari la ajali. Shemeji alikuwa ameandika kwamba marehemu alifanya kazi peke yake, kwa ukaidi wake. Marehemu aliusoma ukurasa ule mara mbili, akaniambia, "Dada, nyoka sina neno naye. Yeye hakula chumvi yangu."

Figo zilishindwa. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Oktoba, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, mimi dada yake, na shemeji aliyeketi safu ya pili. Mungu amlaze mahali pasipo maumivu.

Alhamisi, siku moja kabla, alimwita shemeji mbele yangu. Hakumgombeza. Alimwambia, "Jumatatu wataleta mtu mpya wa mkia. Wa kichwa sasa ni wewe. Kabla hajagusa nyoka, fungua daftari, kata uongo wako, andika kwamba tulikuwa wawili. Kisha mpe asome."