Dragutin Barbulović na Kinasa Sauti Ambacho Hakikuwepo

Baba padri, majirani, nanyi wapiga vinanda mliosimama makundi mawili kama kuku wageni, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya ndugu yetu Dragutin, nami ni Momir, shemeji yake, niliyepiga kodiani harusini kuanzia Vienna hadi Gothenburg, na kote huko sikualikwa mara ya pili.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 hapa Jabukovac, akasoma shule hapa na Negotin, kisha mwaka 1976 akaenda Belgrade kusomea muziki, na kuanzia 1982 hadi alipostaafu 2019 alifundisha hukohuko, akichunguza jinsi ngoma zetu sisi Wavlahi, watu wa vijiji hivi, zilivyotoka kwenye fidla zikahamia kwenye kodiani, kisha kwenye kinanda cha umeme, ambacho kila mpigaji hukipangia mapigo yake mwenyewe na kuyalinda kuliko binti yake. Tarehe 12 Agosti 1984 alimwoa dada yangu Persida, wakajaliwa Milenka na Stojan.

Kazi hiyo ilimponza, kwani kila alipoingia harusini na kinasa sauti wapigaji walifunika vinanda kwa taulo, Trandafir, mpiga kinanda, akimshuku kuwa anampelekea hasimu wake Gradimir mapigo yake, Gradimir akiapa kwamba katumwa na Trandafir, wengine wakisema ni mtu wa kodi, na hata mimi shemeji yake nilikuwa nikikosea makusudi akiwepo, ingawa hakuna msikilizaji aliyewahi kuona tofauti.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari 2023, akarudi nyumbani, akaamua kujifanyia pomana angali hai, ile karamu yetu ambayo mtu hupigiwa ngoma yake ya wafu akiisikia kwa masikio yake, akawaomba Trandafir na Gradimir waipige pamoja. Walikuja tarehe 20 Mei, wakapekua chini ya meza na ndani ya maua wakitafuta kinasa sauti, Gradimir akaupasua hata mkate, akauliza:

"Profesa, umekificha wapi?"

"Sikuja nacho."

"Thubutu! Fisi aache mfupa?"

"Leo nataka kucheza tu, ndugu yangu."

Hawakuamini, wakapiga huku mikono imejificha chini ya taulo, na Dragutin akacheza mpaka pumzi ikamwishia begani kwa Persida, na waliokuwepo wanasema ngoma ile haijawahi kupigwa vile. Tangu hapo dada yangu hana raha, watu wanambishia hodi wakidai kanda ya siku ile, na wapo waliompekulia mpaka pipa la kabichi.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2023, hospitalini Negotin, mkewe akiwa kando yake.

Leo asubuhi, jeneza likiwa wazi, Gradimir alipenyeza mkono chini ya mto wa marehemu, Persida akitazama, Trandafir akamdaka.

"Toa mkono, bwana. Hamna kitu humo."

"Umejuaje?"

"Si alituambia?"

Gradimir akautoa mkono, akauweka mto sawa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa Belgrade, ambao tunawaomba wazime simu, maana Trandafir na Gradimir watampigia ngoma yake kaburini, bila taulo.

Pumzika kwa amani, Dragutin, na mlangoni kwa Persida asibishe hodi mtu tena.